Maji Tuliyoyanunua kwa Bei ya Kuni

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kupima kuni. Mwaka 2011 niliajiriwa kuwa karani wa kuni katika kiwanda cha majani chai kando ya barabara ya Chavakali kwenda Kapsabet, pale mashamba madogo ya Vihiga yanapokutana na milima ya Nandi. Lori linaingia, linapanda mizani, linashusha mzigo, linapimwa tena likiwa tupu. Mimi naandika tofauti, dereva anatia sahihi, na mwenye miti analipwa mwisho wa mwezi. Nilidhani ni kazi ya kalamu tu. Miaka tisa niliyokaa pale ilinifundisha kuhusu nishati mambo ambayo sikuyapata shuleni, na mengi nilifunzwa na watu ambao hakuna aliyewahi kuwaita mkutanoni.

Mtu ambaye hajaingia kiwanda cha chai hudhani kinaendeshwa na stima. Stima ipo, inazungusha feni na mashine za kusaga majani. Lakini sehemu kubwa ya nishati ni joto. Jani likichumwa, zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni maji. Chai iliyokauka tayari kufungwa hubaki na maji kama asilimia 3 hivi, na ndiyo sababu huhitajika takriban kilo 4 na nusu za majani mabichi kupata kilo 1 ya chai. Kinachoyafukuza maji hayo ni hewa ya moto, hewa inapashwa na mvuke, mvuke unatoka kwenye boila, na boila inakula kuni usiku na mchana.

Kwa hiyo ninaposikia Kenya ikisifiwa kwa stima safi, nakubali kwa moyo wote, kisha nakumbuka boila. Olkaria, kule Naivasha, imekuwa ikizalisha stima kutokana na joto la ardhini tangu 1981. Menengai, pale juu ya mji wa Nakuru, kituo cha megawati 35 kilianza kuzalisha mwaka 2023. Ni mambo ya kujivunia. Ila mvuke wa Menengai haufiki Kaimosi, upande wa kiwanda chetu. Kwetu nishati ya kiwanda ni mti wa jirani, na jirani huyo huyo anautaka mti wake jikoni.

Aliyenifungua macho alikuwa mzee wa boila, mtu wa Tiriki aliyekuwa amechochea moto tangu kabla sijazaliwa. Siku moja, baada ya malori matatu ya mikaratusi kushusha, alinijia akiwa bado na glavu mkononi.

"Mwanangu, leo umetununulia maji."

Nilidhani ananilaumu kwa kosa la hesabu. Hakusema zaidi. Aliokota vipande viwili vya kuni zilizotoka kwenye lori akavigonganisha: du. Akaenda ukutani, kwenye masalio ya rundo la zamani, akachukua viwili vingine: kwa! Mlio mkavu, kama mtu anayepiga mlango. Akaniambia nisikilize hivyo kila lori linapoingia.

Jioni ile nilikaa na karatasi. Mkaratusi uliokatwa juzi, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Tani moja basi ina kilo 500 za maji, yaani mitungi 25 ya lita 20. Mama yangu hubeba mtungi mmoja kutoka chemchemini na kupumzika mara mbili njiani. Sisi tulikuwa tunalipa mitungi 25 kwa kila tani, tunailipia usafiri, halafu tunatumia moto wa kuni hizo hizo kuyachemsha yapae kupitia dohani.

Nilipowaambia vijana wa zamu ya usiku, walinipinga kwa heshima. "Kuni mbichi hukaa, madam. Kavu zinaisha mbio." Hata nyumbani kwetu nilikua nikisikia hivyo, na nadhani hakuna imani iliyotumalizia miti magharibi mwa Kenya kama hii. Ni kweli kwamba kuni mbichi hukaa. Hukaa kwa sababu zinahangaika kujikausha zenyewe kwanza. Moto unapoa, gesi zinazotoka kwenye mti hazipati joto la kutosha kuungua, zinaondoka zikiwa moshi mzito na masizi, na masizi yale yanagandamana kwenye mabomba ya boila yakizuia joto lisiingie kwenye maji. Kilo kwa kilo, mti wenye unyevu wa asilimia 20 hutoa joto karibu mara 1.8 ya mti wenye asilimia 50. Kudumu motoni ni jambo moja, kutoa joto ni jambo lingine. Kuwaeleza kwa maneno hakukusaidia. Tulichofanya, mzee na mimi, ni kutazama saa ya presha, ile inayoonyesha nguvu ya mvuke ndani ya boila: zamu moja kuni kavu, zamu moja mbichi, na kila mtu aone mwenyewe sindano inavyoanguka majani yanapoanza kukaushwa.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa mizani. Kulikuwa na mama mmoja wa upande wa Serem aliyekuwa na kibanda cha kuni nyuma ya nyumba. Alikata miti yake, akaipasua, akaiacha miezi minne chini ya mabati, kisha akaileta. Ilikuwa inalia kwa! kila kipande. Mizani ikasoma pungufu sana kuliko mzigo wake wa mwaka uliotangulia, na malipo yakawa hivyo hivyo.

"Msichana wangu," aliniuliza, "miti ni ile ile na lori ni lile lile, mbona pesa zimepungua?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Utaratibu wetu ulimwadhibu aliyetuletea kuni nzuri na kumtuza aliyekata asubuhi akaleta jioni. Hata walioelewa walikuwa na haki ya kuleta mbichi, maana ndizo zilizolipa.

Hapo ndipo nilianza kudai tupime unyevu. Kiwanda kilikuwa na tanuri dogo katika chumba cha kuonjea chai, la kupimia maji yaliyobaki kwenye chai. Nikaomba nipewe nafasi saa za mchana. Unakata kipande, unakipima, unakikausha kwenye nyuzi 105 mpaka uzito uache kushuka, kisha tofauti ndiyo maji. Ni polepole lakini halidanganyi. Baadaye tulinunuliwa kipima unyevu chenye sindano mbili, na hapo nilikosea mara mbili. Kwanza nilichoma sindano kwenye ganda la nje, mahali jua limeshapita. Ni lazima upasue gogo na kupima uso mpya wa ndani. Pili, sikujua kwamba kifaa kile kinalinganisha maji na uzito wa mti mkavu peke yake, si uzito wote. Kikisoma 100, maana yake nusu ya gogo ni maji. Niliandika ripoti nzima kwa kipimo kimoja na kuilinganisha na matokeo ya tanuri yaliyo kwa kipimo kingine. Mhasibu aliigundua kasoro, na ilinichukua wiki kadhaa kurudisha imani yake.

Kosa la tatu lilikuwa kubwa zaidi, nami nalitaja ili mwingine asilirudie. Nilipeleka ile hesabu ya mara 1.8 kwa meneja na kumwambia matumizi yetu yatashuka karibu nusu. Kibanda kikajengwa: mabati juu, pande wazi, kuni zimeinuliwa kutoka ardhini kwa magogo, na mapengo ya kupitisha upepo kati ya safu. Tukaagiza miti ikatwe vipande vifupi na kupasuliwa, kwa kuwa maji hutoka kwa urahisi kwenye ncha na kwenye uso uliopasuliwa, ganda lenyewe likiwa kama koti la mvua. Miezi ikapita. Matumizi yakapungua, lakini mbali sana na nusu. Nikaitwa.

Nilichokuwa nimekisahau ni hiki. Mti ukikauka, unapungua uzito, lakini haupati mbao zaidi. Rundo la tani 1 lenye nusu maji likikauka hadi asilimia 20 linabaki kilo 625. Kila kilo sasa ina joto jingi, sawa, ila kilo zenyewe ni chache. Ukijumlisha, faida inayotokana na kutochemsha maji yale ni kama asilimia 10 au zaidi kidogo, kisha inaongezeka faida ya moto kuwa mkali, moshi kupungua na mabomba kukaa safi. Hiyo ni akiba ya kweli, na kwa kiwanda kinachokula malori kwa malori ni miti mingi inayobaki imesimama. Lakini mtu aliyeahidiwa nusu hawezi kuifurahia. Tangu siku hiyo, kila ninapozungumza na mwenye kiwanda au mwalimu mkuu, namwambia kiasi kidogo kuliko ninachokitarajia.

Bei nayo ilibadilishwa, ikafuata unyevu. Yule mama wa Serem alirudi.

Kwenye boila mzee alikuwa na shule yake nyingine. Alitembea na bisibisi ndefu. Anaweka ncha kwenye trapu ya mvuke, mpini sikioni, anasikiliza. Trapu ni kifaa kidogo kilicho mwisho wa mashine inayotumia mvuke: kazi yake ni kuachia maji mvuke ukishapoa, na kuuzuia mvuke ambao bado una joto. Ikifa ikiwa wazi, mvuke mzima unapita bila kufanya kazi, na hakuna anayeona kwa kuwa umo ndani ya bomba. Ikifa ikiwa imeziba, maji yanajaa na chai haikauki. Trapu nzima inatikatika kwa vipindi, alisema, mbovu inafoka bila kupumua. Alipata mbovu nyingi kuliko alivyotarajia. Kuzibadilisha na kuyavika mabomba pamba ya glasi ndiyo kazi iliyojilipa haraka kuliko zote nilizoziona pale, na hakuna mgeni aliyewahi kuja kuipiga picha.

Maji yaliyotoka kwenye trapu ndiyo yaliyonifundisha kuhusu watu. Ni maji safi sana, kwa kuwa ni mvuke uliopoa, na yanatoka yakiwa ya moto wa kukuchoma. Miaka yote yalimwagwa kwenye mtaro nyuma ya nyumba ya boila. Mwaka 2012 serikali ilitoa kanuni za usimamizi wa nishati: kituo kinachotumia zaidi ya yuniti (kilowati-saa) 180,000 za nishati kwa mwaka kifanyiwe ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu na mkaguzi mwenye leseni, kisha kitekeleze angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa. Mkaguzi alipofika kwetu, jambo la kwanza aliloandika lilikuwa mtaro ule. Kila nyuzi 6 unazoongeza kwenye maji yanayoingia boila hupunguza kuni kwa karibu asilimia 1. Tuliyatoa mtoni yakiwa baridi, kama nyuzi 20 hivi, wakati ya moto yanamwagika hatua kumi kutoka pale. Bomba la kuyarudisha likawekwa ndani ya wiki mbili.

Asubuhi ya kwanza baada ya hapo nilikuta ndoo zimepangwa nyuma ya boila na wanawake wamesimama. Walikuwa wake wa wafanyakazi na wamama wa majirani. Nilijua walichota pale, lakini sikuwahi kuhesabu wangapi. Waliwaogesha watoto kwa maji yale kabla ya shule, walifua nayo sare. Nandi asubuhi ya Julai si mahali pa kuogesha mtoto kwa maji ya baridi. Mmoja akaniambia, kwa kuwa mimi ni mwanamke mwenzao na pengine ningesikia:

"Dada, mmetufungia maji. Sasa tutachemsha na nini?"

Wangechemsha kwa kuni, bila shaka. Ripoti yetu ilionyesha kuni zimepungua ndani ya lango. Haikuonyesha kwamba sehemu yake imehamia kwenye meko ya nyumba zile, kwa gharama ya mgongo wa mama. Nililirudisha jambo hilo kwenye mikutano mpaka nikachosha watu. Ilichukua zaidi ya mwaka kupata suluhisho, na lilitoka kwa fundi wa mabomba. Boila ina maji machafu ambayo lazima yamwagwe kila siku ili chumvi isijikusanye ndani. Ni ya moto mno, nayo hayawezi kurudishwa. Akapitisha bomba la maji ya kawaida, limezungushwa kama chemchemi ya kitanda, ndani ya tangi la maji hayo machafu, na mfereji ukatokea nje ya ukuta. Maji hayawi ya moto kama zamani na hayatoki saa zote. Lakini yanatosha kuogesha watoto, na joto lake lilikuwa linapotea bure.

Kuhusu stima nitasema kidogo. Feni za vitanda vya kunyaushia majani zilikuwa zinazunguka kwa kasi moja, majani yawe mengi au machache. Tulipofungiwa vifaa vya kubadilisha kasi ya mota, ndipo nilijua kwamba feni ikipunguzwa hadi asilimia 80 ya kasi yake hutumia karibu nusu tu ya stima. Bili ilishuka na hakuna aliyelalamika, kwa kuwa hapo hapakuwa na mtu aliyenyang'anywa kitu.

Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma. Viwanda vilivyokuwa vikitegemea misitu hiyo viligeukia mashamba ya watu, na bei ya kuni kijijini ikapanda. Nilikuwa nimesimama pande zote mbili za bei hiyo: mchana nanunua, jioni narudi kwa mama aliyekuwa akigombea miti na mwajiri wangu. Jiko lake lilikuwa mafiga matatu. Nilimletea jiko la upesi, lile la udongo uliochomwa linalojengewa kwa tope, ambalo vikundi vya wanawake wa huku wamekuwa wakifinyanga kwa miaka mingi. Alilikataa kwa sababu ya sufuria ya ugali. Familia ikija sikukuu, sufuria ni kubwa na mwiko unasukumwa kwa nguvu, naye aliogopa litapasuka. Nilijenga tena, pana zaidi na lenye tope nene mbele, huku yeye akisimama juu yangu akionyesha. Hilo analitumia hadi leo. Mafiga bado yapo pembeni, kwa ajili ya mazishi na harusi.

Ila kuhusu ukavu wa kuni sikuwa na la kumfundisha. Juu ya meko yake, tangu nikiwa mtoto, kuna kichanja cha fito ambapo kuni za wiki ijayo zinalala zikifukizwa na moto wa leo. Nilipikia chini ya kichanja kile miaka kumi na minane, nikaenda kuajiriwa kupima kuni, na haikunijia hata siku moja kuuliza kiwandani kichanja chetu kiko wapi.

Niliacha kazi ya kiwanda mwaka 2020. Siku hizi huitwa na shule, nyingi za bweni, zinazopika kwa kuni. Huanza kwa kuniuliza wanunue jiko gani. Mwaka huu shule moja ya Vihiga ilikuwa tayari na bei za majiko makubwa ya chuma yenye dohani, na ni majiko mazuri, siwakatazi. Niliomba kwanza nionyeshwe kuni. Zilikuwa nyuma ya jikoni, chini ya ukingo wa paa, mahali maji yote ya bati yanapodondokea. Nikamuuliza mpishi mkuu, mwanamke aliyepika pale miaka mingi, kama amewahi kuulizwa kuhusu kuni. Alisema karani huleta, yeye hupokea.

Tulianza na kibanda, kwa mabati yaliyobaki kwenye ujenzi wa darasa. Mpishi ndiye aliyechagua mahali, upande wa upepo. Tulihesabu pia mara ngapi vifuniko vya sufuria vinaachwa wazi maharagwe yakichemka, na saa ya kuyaloweka ikahamishwa kuwa usiku. Majiko mapya yatakuja bodi ikipata pesa. Kwa sasa kuna daftari limening'inizwa mlangoni kwa kamba, mpishi anaandika idadi ya vipande kila mlo na idadi ya wanafunzi waliokula. Mwezi wa kumi, kuni za kwanza zikiwa zimekauka, tutapima tena na kulinganisha na kurasa za mwanzo.